Samaki wa Bwawani Wanapoumwa: Soma Dalili Kabla ya Kuchuma Jani

Mfugaji wa sato au kambale anapokuta samaki wawili watatu wameelea asubuhi, wazo la kwanza huwa ni dawa. Kwa kuwa dawa za samaki ni adimu katika maduka ya pembejeo ya wilaya nyingi, mkono huenda kwenye kilicho karibu: mwarobaini ulio nyuma ya nyumba, shubiri iliyopandwa kwenye ndoo kuukuu, au kitunguu saumu kilichobaki jikoni. Mimea hiyo ina nguvu ya kweli, na inastahili heshima kuliko ile inayopewa na wanaoiita dawa za kubahatisha. Lakini nguvu hiyo hufanya kazi mahali pake. Kwa samaki, mahali pake ni ndani ya chakula, siku nyingi kabla ya ugonjwa kuingia, wakati samaki bado anakula kwa pupa. Samaki aliyekwisha kuacha kula hawezi kupewa dawa iliyomo ndani ya chakula, na majani yanayotupwa bwawani mara nyingi huishia kuwa mzigo kwa maji.

Hesabu moja inatosha kuonyesha hilo. Bwawa la mita 10 kwa 15 lenye kina cha mita 1 lina lita 150,000 za maji. Ukitwanga majani, ukayachuja ukapata ndoo ya lita 20 na kuimwaga humo, dawa yako imezimuliwa mara 7,500. Ukitaka kiwango kitakachomgusa kimelea, utahitaji magunia ya majani, na kabla hujafikia kiwango hicho majani yale yatakuwa yameanza kuoza na kula oksijeni ambayo samaki anaihitaji. Kwa hiyo katika maelezo yafuatayo, kila panapotajwa kuogesha samaki, maana yake ni beseni, pipa au tangi lenye ujazo unaojulikana, si bwawa zima.

Kabla ya dalili yoyote, chunguza maji

Magonjwa mengi yanayoletwa kwangu kama magonjwa ni maji yaliyochoka. Fika bwawani saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda, kwa sababu huo ndio wakati ambao oksijeni iko chini kabisa: mwani umepumua usiku kucha bila mwanga wa kutengenezea oksijeni mpya. Zamisha mkono ulionyooka taratibu ukitazama kiganja. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, mwani umezidi. Ukiendelea kukiona waziwazi hata maji yamepita kiwiko, mwani ni haba.

Kisha mshike samaki mmoja kwa mikono iliyolowa, umfunue kifuniko cha shavu na uangalie matamvua. Matamvua ya samaki mzima ni mekundu kama nyama iliyokatwa sasa hivi, na nyuzi zake zimeachana moja moja unapomimina maji juu yake. Yakiwa yamepauka, samaki amepungukiwa damu. Yakiwa yamevimba na kugandamana kwa ute mzito, kuna kimelea au kemikali inayoyachoma. Yakiwa na rangi ya kahawia kama chokoleti, tatizo ni nitriti iliyolimbikana majini kutokana na kinyesi na mabaki ya chakula, ambayo huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Hapa hakuna jani la kuchuma. Punguza chakula, badilisha sehemu ya maji, na kama samaki wako kwenye tangi weka chumvi ya kawaida, kwa sababu kloridi iliyomo hushindana na nitriti kwenye mlango wa matamvua.

Samaki wamejaa juu ya maji alfajiri, wakifungua na kufunga midomo

Ikiwa wanashuka na kutawanyika kufikia saa nne, hiyo ni njaa ya hewa. Acha kulisha asubuhi hiyo, usiongeze samadi, ingiza maji safi kwa kuyaangusha kutoka juu ili yaingie na hewa, na opoa majani na chakula kilichoozea pembezoni. Sato anahitaji oksijeni ya takribani miligramu 5 kwa lita ili akue vizuri. Ikishuka chini ya 3 anaanza kudhoofika hata kama hafi, na samaki aliyedhoofika hivyo kwa wiki kadhaa ndiye atakayepata vidonda mwezi ujao. Kutupa matawi ya mwarobaini bwawani katika hali hii ni kumkaba anayekabwa.

Kwa kambale, pokea dalili hii kwa tahadhari. Kambale ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa, na kupanda juu mara moja moja kuchukua pumzi ni desturi yake. Wasiwasi uanze pale wanapobaki juu wakiwa wamesimama wima bila kushuka.

Samaki wanajikuna kwenye kingo, wanaruka, au wanajipangusa kwenye mabomba

Kuna kitu kwenye ngozi au matamvua. Chawa wa samaki unaweza kumwona kwa macho: duara dogo bapa, karibu kupenyeza mwanga, linalotembea juu ya ngozi ukiliguza. Minyoo nanga huonekana kama vijiti vyembamba vilivyochomekwa kwenye misuli, na ngozi kuzunguka hapo huwa nyekundu. Madoa meupe kama chembe za chumvi ni kimelea kingine, kinachozaliana haraka. Wale wasioonekana, kama vijidudu vya mviringo vinavyoparuza ngozi na minyoo wadogo wa kwenye matamvua, huhitaji hadubini, na dalili yao pekee ni ute mwingi wa rangi ya kijivu.

Hapa nasema wazi, kwa sababu wapenzi wa mimea hawapendi kulisikia: dhidi ya vimelea vya nje, chumvi ya jikoni ni ya kutegemewa kuliko jani lolote ninalolijua. Yeyusha kilo 1 ya chumvi katika lita 100 za maji ya bwawa lenyewe, weka samaki wachache kwa wakati mmoja, na wasizidi dakika 10. Usiondoke. Samaki akilala ubavu, mtoe papo hapo umrudishe kwenye maji safi, bila kujali dakika zilizobaki. Kitunguu saumu kwenye chakula kina nafasi yake baada ya hapo, kwa wale waliopona. Chawa na minyoo nanga hushikilia kwa ukaidi; wakiwa wachache waondoe kwa kibano, na tambua kwamba mayai na watoto wao bado wako bwawani, kwa hiyo kazi hiyo itarudiwa baada ya wiki moja au mbili.

Vidonda vyekundu, mapezi yaliyochanika, magamba yaliyosimama, tumbo lililojaa maji

Hii ndiyo dalili ambayo mimea ina la kusema zaidi, nami nitakaa hapa kidogo.

Mara nyingi mhusika ni bakteria wa jamii ya Aeromonas, ambao huishi katika kila bwawa bila kumdhuru samaki mwenye nguvu. Wanapata mwanya samaki anapobanwa, anapochubuliwa na wavu, au maji yanapobadilika joto ghafla. Jiulize kwanza: je, ulivua au kuwapanga samaki kwa ukubwa katika wiki mbili zilizopita? Je, umepanda samaki wengi kuliko maji yanavyoweza kubeba? Katika bwawa la udongo lisilo na mashine ya hewa, sato 2 hadi 3 kwa kila mita ya mraba ni idadi ya amani. Mfugaji aliyepanda 8 atakuwa anatibu vidonda maisha yake yote.

Watoe waliooza na kuvimba tumbo; hao hawaponi kwa chakula kwa kuwa hawali. Lengo lako ni wale ambao bado wanapanda juu chakula kinapomwagwa. Kwao, kitunguu saumu ndicho cha kwanza. Kiini chake kinachopambana na bakteria, alisini, hakimo ndani ya punje nzima. Hutengenezwa pale punje inapopondwa na vitu viwili vilivyokuwa vimetengana vikakutana, kisha huharibiwa na moto. Ndiyo maana aliyekichemsha na kumwaga supu yake kwenye chakula hulalamika kwamba hakikumsaidia.

Fanya hivi. Kadiria uzito wa samaki wako: tuseme wapo 500 wenye wastani wa gramu 100, yaani kilo 50. Wakila asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, chakula chao ni kilo moja na nusu. Kwa gramu 15 za kitunguu saumu katika kila kilo ya chakula, unahitaji gramu 22 hadi 23 kwa siku, ambazo ni chini ya kichwa kimoja cha wastani. Menya, pima kwa mizani ya jikoni, ponda kwenye kinu hadi iwe uji, kisha uache mezani dakika 10 ili alisini itengenezeke. Pika uji mwepesi wa unga wa muhogo, uuache upoe hadi uweze kutia kidole bila kuungua, ndipo uchanganye na kitunguu. Nyunyiza mchanganyiko huo juu ya punje za chakula huku ukigeuza kwa mikono, hadi kila punje ing'ae kidogo na isishikamane na mwenzake. Tandaza kivulini kwa saa moja. Ukiziona punje zimekauka juu na harufu ya kitunguu bado inapiga puani, chakula kiko tayari, na kiliwe siku hiyohiyo.

Lisha hivyo kwa wiki mbili hadi tatu, kisha pumzika. Sato huikubali harufu hii baada ya siku moja au mbili. Wakisita mwanzoni, anza na nusu ya kipimo. Unga wa tangawizi iliyokaushwa kivulini, gramu 5 hadi 10 kwa kilo ya chakula, hufanya kazi ya kufanana katika kuamsha kinga ya mwili, na bizari manjano kadhalika. Sishauri kuvichanganya vyote kwa pamoja: samaki wakipona hutajua kilichowaponya, na wakikataa kula hutajua kilichowachukiza.

Iwapo katika siku tano vifo havipungui, ugonjwa umeushinda mmea. Tafuta daktari wa mifugo au afisa uvuvi, na usinunue kiuavijasumu cha kuku kwa kukisia. Kipimo kisicho sahihi hulea bakteria sugu, na mabaki yake hubaki katika nyama inayokwenda mezani kwa watu.

Manyoya meupe kama pamba kwenye jeraha au kwenye mayai

Hiyo ni kuvu ya majini. Huota juu ya nyama iliyokwisha kufa, kwa hiyo jiulize ni nini kilichoanza kuijeruhi nyama hiyo. Kwa kawaida ni wavu, baridi, au kidonda cha bakteria. Katika nyanda za juu kama Njombe, ambako maji hushuka chini ya kiwango anachokipenda sato cha nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, kuvu ni mgeni wa kila msimu wa baridi.

Waliopo pwani wana bahati ya mti wa mkungu. Majani yake makubwa yaliyoanguka yenyewe na kukauka yakawa kahawia yana tanini nyingi, ile dutu kakasi iliyomo hata kwenye chai, na wafugaji wa samaki wa Thailand wamekuwa wakiyaloweka katika maji ya samaki wao kwa miaka mingi. Osha jani moja kubwa, liweke katika tangi la takribani lita 40, na maji yatachukua rangi ya chai nyepesi katika siku mbili. Tanini huyafanya maji kuwa na asidi zaidi, kwa hiyo usizidishe, na usitumie majani mabichi. Kwa mayai ya kambale kwenye kitotoleshi, kazi kubwa inabaki ile ile ya kuondoa mayai meupe yaliyokufa kila baada ya saa chache, kwa sababu kuvu huanzia kwenye hayo na kutambaa hadi kwenye yaliyo hai.

Kama kidonda kinahitaji kusafishwa na samaki ni mzazi wa thamani, mafuta ya karafuu humlaza. Mililita 1 iyeyushwe kwanza kwenye spiriti kidogo, kwa kuwa mafuta hayakubali maji, kisha itiwe katika lita 20. Samaki atapoteza mizani ndani ya dakika chache. Msafishe, mrudishe kwenye maji yenye hewa, na asiuzwe kuliwa baada ya hapo hadi siku nyingi zipite.

Macho yametoka nje, samaki anazunguka kama pia

Katika msimu wa joto, maji yanapokaribia nyuzi 30 na kupita, sato wakubwa wanaozunguka bila mwelekeo, miili imejipinda na jicho moja au yote mawili yametokeza, huwa wameshambuliwa na bakteria wa jamii ya Streptococcus waliofika kwenye ubongo. Mmea hauwezi kuwarudisha. Punguza chakula, kwa sababu samaki walioshiba katika maji ya moto hufa zaidi, ongeza maji, punguza msongamano, na uzike waliokufa mbali na bwawa. Baadhi ya bakteria hawa huweza kumwambukiza binadamu kupitia mkono uliokatwa na miba ya pezi, kwa hiyo vaa glovu, na usiwagawie majirani samaki hao wakapike. Nafasi ya mimea ni mwaka unaofuata: anza chakula cha kitunguu saumu au tangawizi wiki tatu kabla ya joto kupanda.

Dalili zilizoletwa na dawa yenyewe

Sehemu hii huwa haiandikwi, na inaniuma, kwa sababu mfugaji aliyeua samaki wake kwa nia njema hubaki akiamini kwamba ugonjwa ulikuwa mkali.

Samaki wanarukaruka mara tu baada ya dawa kumwagwa, kisha wanazubaa na kugeuka matumbo juu. Uliza ni mmea gani. Utupa, ule mmea wa majani yenye vinyweleo vya rangi ya fedha ambao wazee walitwanga na kuutia mtoni ili kuvua, una rotenoni, inayozuia seli za samaki kutumia oksijeni hata kama maji yamejaa hewa. Wapo wanaoupendekeza bwawani kwa kuwa wameuona ukiua wadudu shambani. Usitiwe kabisa penye samaki unaowataka hai, wala usipandwe ukingoni ambako majani yanaweza kudondokea majini. Utomvu wa mnyaa nao ni sumu ya samaki, na bwawa lililozungushiwa ua wa mnyaa halipaswi kupokea matawi yaliyokatwa wakati wa kupogoa.

Mwarobaini uko katikati. Unga kidogo wa majani yake kwenye chakula hustahimiliwa, lakini maji yake yakizidi huyaunguza matamvua na kuua vijidudu wadogo ambao vifaranga huwala. Dalili ni kuvutavuta hewa, ute mwingi, na siku chache baadaye vifaranga waliokonda katika maji yaliyokuwa na chakula tele. Tiba ni moja: badilisha maji.

Samaki wamedumaa ingawa wanakula. Angalia kama umeongeza unga wa mlonge kufidia gharama ya dagaa na soya. Mlonge una protini nzuri, lakini pia una saponini, tanini na fiteti zinazozuia samaki kufaidi alichokula. Ukizidi takribani asilimia 10 ya chakula, ukuaji hushuka. Kuyaloweka majani na kumwaga maji yake kabla ya kukausha hupunguza sehemu ya kero hiyo.

Sato wazazi hawatagi. Mbegu za papai, ambazo hutolewa kama dawa ya minyoo, hupunguza uwezo wa sato kuzaa, kiasi kwamba wapo wanaozitumia kwa makusudi ili bwawa lisijae vifaranga. Zisiingie katika chakula cha wazazi.

Samaki walikula vizuri wiki ya kwanza, kisha wakaanza kukataa. Fungua gunia na unuse. Chakula kilicholowanishwa kwa juisi ya mmea na kufungwa kabla hakijakauka huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo huharibu ini polepole bila dalili ya nje. Kitupwe chote, kukianika upya juani huua ukungu lakini huiacha sumu.

Vifo vingi, haraka, na samaki wamebadilika rangi kuwa weusi

Wanapokufa makumi kwa siku ilhali maji ni mazuri na samaki wengine, kama kambale, katika maji hayohayo hawadhuriki, fikiria virusi. Kirusi kinachoitwa kwa kifupi TiLV (Tilapia Lake Virus, yaani kirusi cha sato wa ziwani), ambacho kilielezwa mara ya kwanza nchini Israel mwaka 2014, hushambulia sato na ndugu zake, na mwaka 2018 ilitangazwa kwamba vinasaba vyake vimekutwa kwa sato wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania. Hakuna mmea wala dawa ya dukani inayokitibu. Usihamishe samaki, maji wala nyavu kwenda bwawa lingine, usiuze vifaranga, na mpigie afisa uvuvi wa wilaya siku hiyohiyo.

Mpelekee samaki watatu au wanne wanaokaribia kufa, si waliokwisha kuvimba, wakiwa katika mfuko safi uliozungushiwa barafu bila kugandishwa, na wafike ndani ya saa chache. Andika kwenye karatasi joto la maji, tarehe ya kifo cha kwanza, idadi ya waliokufa kila siku, na kila mmea uliowapa, kwa kipimo na siku ulizowapa, hata ule unaoona haya kuutaja.